Daktari wa Jicho Moja na Ramani ya Mataya

Ukurasa huu wa watu mashuhuri aghalabu huwa wa wapigania uhuru, washairi na wanariadha, nao wanastahili. Mimi mwaka huu nimeamua kuwaletea daktari. Ni Mzungu, tena alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, kwa hiyo najua kuna mwenzangu mmoja au wawili watakaokunja uso. Wavumilie kidogo. Jina la mtu huyu huandikwa katika faili za hospitali za Kisumu mpaka leo, kwa sababu kuna ugonjwa ulioitwa kwa jina lake: saratani ya Burkitt. Huwavimbisha watoto mataya, huwang'oa meno, na ukiachwa huwaua kwa muda mfupi sana. Ukanda unaolizunguka Ziwa Victoria ni mojawapo ya makao yake makuu duniani. Kwa hivyo habari za mtu huyu zinatuhusu sisi wa Awasi kuliko habari za wafalme wengi tunaowakariri darasani.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ya jimbo, kazi yake barabara na madaraja. Lakini mzee huyo alikuwa na uraibu wake: ndege. Alikuwa akiwanasa ndege wadogo wa kifua chekundu bustanini kwake, anawavisha vikuku miguuni, kisha anawaachilia na kuchora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki kipande gani cha bustani. Majirani walimwona kama mtu aliyekosa kazi. Kumbe wataalamu wa ndege wanamtaja hata leo kama mmoja wa waanzilishi wa njia hiyo. Liwekeni akilini jambo hili la baba na ramani, maana mtoto wa nyoka ni nyoka.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, wavulana walirushiana mawe, likampata moja usoni. Miwani ilivunjika na vigae vikaingia jichoni. Jicho la kulia likapotea kabisa. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin akasome uhandisi kama baba. Kabla ya muda mrefu aliacha, akahamia udaktari. Alikuwa Mkristo wa dhati, na mwenyewe aliamini kwamba ameitwa. Alihitimu mwaka 1935 na mwaka 1938 akafuzu kuwa daktari wa upasuaji.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vimepamba moto aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika. Akakataliwa. Sababu? Jicho moja! Walidhani mpasuaji wa namna hiyo hafai. Jeshi halikuwa na uteuzi wa namna hiyo, likamchukua, na kwa njia ya jeshi akafika Kenya. Huku kwetu ukoo wake haukuwa mgeni, kwa maana ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa Wazungu mjini Nairobi tangu 1911, mwaka uleule Denis aliozaliwa. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, serikali ilimkubali akapelekwa Uganda, katika mji wa Lira, wilaya ya Lango. Mkewe, Olive, alifuatana naye. Baadaye walijaliwa mabinti watatu.

Hapo Lira ndipo tabia ya baba ilipoanza kujitokeza. Sasa msicheke. Kulikuwa na wanaume wengi wenye busha, na kazi ya daktari ilikuwa kupasua. Daktari mwingine angepasua, akaosha mikono, akaenda kula. Burkitt aliuliza kila mmoja anatoka kijiji gani. Akagundua kwamba wengi mno walitoka mashariki mwa wilaya, na upande wa magharibi walikuwa haba. Wilaya ni moja, chakula kile kile, ila ugonjwa una mpaka. Aliandika makala juu ya jambo hilo. Halikumpa umaarufu wowote, lakini lilimfundisha swali ambalo hakuliacha tena mpaka alipokufa: ugonjwa huu uko wapi, na wapi hauko?

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Alifanya kazi pale miaka tisa kabla ya siku yenyewe kufika.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, bingwa wa maradhi ya utapiamlo, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya juu na chini, kulia na kushoto. Pande zote nne! Meno yalikuwa yamelegea na kukaa ovyo. Burkitt alishangaa. Jipu halivimbishi pande nne kwa pamoja, na uvimbe wa saratani uliojulikana wakati huo ulikaa upande mmoja. Alipiga picha, akakiri hajui. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja katika ziara ya hospitali. Alipotazama nje kupitia dirishani, akamwona msichana mdogo kakaa na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka mbio kumpima. Msichana yule alikuwa na uvimbe mwingine tumboni.

Mtoto mmoja ni ajabu, wawili ni habari. Burkitt alirudi Mulago akachimbua faili za zamani za watoto waliokufa kwa saratani. Akakuta kwamba waliovimba taya mara nyingi walikuwa na uvimbe pia katika figo, ini au ovari, na kwamba kila daktari alikuwa ameandika jina tofauti kufuatana na kiungo alichokiona yeye. Ni kama wale vipofu na tembo. Mwaka 1958 aliandika makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza akieleza habari za watoto 38. Hakuna aliyeshtuka. Ilibidi wataalamu wa maabara wa Kampala, akiwemo Mmarekani Gregory O'Conor, waonyeshe kwamba ugonjwa wote huo ni mmoja, tena ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotukinga na maradhi.

Hapa naomba niseme neno la haki. Burkitt hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huu. Daktari Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa amewachora watoto wenye mataya kama hayo katika madaftari yake miaka mingi nyuma. Na kabla ya Cook, akina mama wa nchi hizi walikuwa wanawazika watoto hao bila daftari. Tena huku upande wetu, ng'ambo ya ghuba, mahali paitwapo Kanam karibu na Mlima Homa, kundi la Louis Leakey liliokota kipande cha taya la binadamu wa kale mwaka 1932, nalo lina uvimbe wa mfupa kidevuni. Madaktari wamebishana kwa miaka kuhusu uvimbe ule, na katika kubishana huko wapo waliotaja saratani ya Burkitt. Wengine wanakataa. Mimi nataja tu kwa kuwa ni taya la jirani yetu.

Turudi kwa meno, maana ndiyo mlango wa ugonjwa huu. Taya hushambuliwa zaidi kwa watoto wadogo, katika umri ambao magego ya kudumu yanajengeka ndani ya mfupa. Dalili ya kwanza mara nyingi si uvimbe. Ni gego kulegea kabla ya wakati wake. Mtoto wa miaka minne anatikisa gego, mzazi anadhani ni kung'oka kwa kawaida. Lakini meno ya utotoni yana utaratibu: huanza kung'oka ya mbele, karibu na miaka sita, na magego hufuata miaka mingi baadaye. Gego linalolegea mapema lina kitu kinachoisukuma mizizi yake kutoka chini. Kisha fizi inavimba, shavu linavimba, na mara nyingine jicho linasukumwa nje. Tena kwa kasi ya kutisha: uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na inasemwa hakuna saratani ya binadamu inayokua haraka kuliko hii. Yaani mtoto aliyelegea gego mwanzoni mwa muhula anaweza kuwa mahututi kabla ya shule kufungwa.

Sisi Waluo tuna historia ndefu na meno. Wazee wetu waling'olewa meno sita ya chini kama alama ya kutoka utotoni, na nyinyi nyote mnao babu au nyanya mwenye pengo hilo. Siku hizi hakuna anayefanya hivyo. Hata hivyo wako watu wanaoendelea kuwakwangua watoto wachanga fizi ati kuna meno ya plastiki yanayoleta homa na kuharisha. Kwa hiyo mtoto mwenye fizi iliyovimba huanza kwa huyo wa kukwangua, akatoka hapo akaenda kwa wa dawa za miti, halafu kwa mng'oa meno. Hospitali inakuwa ya nne. Na siku hazimngojei.

Basi, Burkitt alikuwa na ugonjwa mkononi, akataka kujua makao yake. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa rahisi hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angekiweza. Alichapisha karatasi zenye picha za watoto waliovimba mataya, akazituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona mtoto wa namna hii. Ruzuku aliyopewa kwa kazi hiyo ilikuwa pauni 25. Majibu yalipokuja alichoma pini katika ramani iliyokuwa ukutani ofisini. Pini zikaanza kujipanga: mkanda mpana ukipita katikati ya Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, na mkia ukishuka pwani ya mashariki kuelekea Msumbiji.

Lakini ramani ya barua haitoshi. Pengo katika ramani laweza kuwa na maana kwamba ugonjwa haupo, au kwamba daktari wa huko hana stempu. Njia ya kujua ni kwenda. Mwaka 1961 alinunua gari kuukuu aina ya Ford, lililoundwa 1954, kwa pauni 250. Akawachukua marafiki wawili, wote madaktari wa misheni: Ted Williams wa Kuluva, huko West Nile, ambaye alijua pia ufundi wa magari, na Cliff Nelson. Tarehe 7 Oktoba 1961 waliondoka Kampala. Walishuka kusini wakipita Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Rhodesia, Msumbiji, hata wakafika Afrika Kusini. Wiki kumi, kilomita kama 16,000 za mavumbi na matope, hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walitoa picha zao: mmeona hii? Wangapi? Wametoka kijiji gani? Tanganyika ilipata uhuru Desemba hiyo wao wakiwa bado safarini. Gharama yote ya safari haikufika pauni 700. Nikifikiria mamilioni yanayotumika leo katika makongamano ya hoteli, nabaki kucheka peke yangu.

Hospitali zilizojibu ndiyo na zile zilizojibu hapana zilikuwa na thamani sawa. Hilo ndilo wengi hawalielewi kuhusu kazi ya Burkitt. Madaktari wengine walikimbilia mahali wagonjwa walipo. Yeye alitafuta ukingo, pale ndiyo inapogeuka hapana. Na alipoupata ukingo, haukufuata kabila wala mpaka wa nchi. Ulifuata mwinuko. Karibu na ikweta, ukipanda kupita kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ugonjwa unatoweka. Kadiri alivyokwenda kusini, ndivyo kiwango hicho kilivyoshuka. Alexander Haddow, aliyekuwa mkuu wa kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe, ndiye aliyemfumbua macho: si mwinuko wenyewe, ni joto. Ugonjwa ulikuwa mahali ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi 15 hivi, na mvua ya mwaka inazidi sentimita 50. Joto na mvua. Nani anaishi kwa joto na mvua? Mbu.

Hapa sasa ndipo nataka mtoke nje ya darasa mtazame kaskazini. Awasi iko kwenye mita 1,200 hivi. Ule ukuta wa mawe mnaouona nyuma ya mashamba ya miwa ni mteremko wa Nandi, na mji wa Nandi Hills uko juu yake karibu na mita 2,000. Huku chini tuna Mto Nyando unaofurika, mashamba ya mpunga ya Ahero na mbu wa kutosha. Kule juu kuna chai na baridi. Ukichora mstari wa Burkitt wa mita 1,500, unapita katikati ya ule mteremko. Matatu inaupanda kwa muda mfupi. Katika Kenya nzima aliona hali hiyohiyo: watoto wa kandokando ya ziwa na watoto wa Pwani wanaugua, wa nyanda za juu ni nadra. Tena watu waliohama kutoka milimani kuja mabondeni waliweza kuupata wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji, maana yake si damu ya kabila inayoleta ugonjwa. Ni mahali.

Mwanzoni wote walidhani mbu anabeba virusi vya saratani moja kwa moja. Wataalamu wa Entebbe walivitafuta wakavikosa. Burkitt na wenzake walikuwa wamekosea hapo, ila ramani haikukosea. Mbu aliyehusika ni huyuhuyu wetu wa malaria. Unguja na Pemba zilisaidia kulifumbua fumbo: kuna joto na mvua kama kwingine Pwani, lakini ugonjwa ulikuwa adimu, na visiwani humo malaria ilikuwa imepigwa vita kwa nguvu. Mahali malaria inapowashika watoto mwaka mzima, mwaka baada ya mwaka, ndipo mataya yalipovimba. Burkitt mwenyewe aliikubali hoja hiyo akaiandikia mwaka 1969.

Na virusi navyo vilikuwepo, ila njia yake ilikuwa nyingine. Mnamo Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwa kijana mtafiti, Anthony Epstein. Alitoka pale amewaka moto. Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege za usiku kutoka Uganda hadi London, na Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliifunga London, ndege ikalazimika kutua Manchester, na chupa ikafika imechelewa, maji yake yakiwa machafu. Mtu angeimwaga akidhani imeoza. Epstein alitazama tone moja kwa darubini, akakuta uchafu ule ni chembe za saratani zilizo hai, zimejitenga na kuelea. Zikaoteshwa maabarani. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr walitangaza virusi walivyoviona ndani ya chembe hizo, na virusi hivyo vikaitwa Epstein-Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. (Achong jina lake liliachwa njiani. Mwenye macho haambiwi tazama.)

Virusi hivi huenezwa kwa mate, na karibu watu wote duniani wanavyo. Wewe unavyo, mimi ninavyo, na wala havitudhuru. Shida ni vikikutana na malaria ya mfululizo. Malaria huzichochea chembe nyeupe zizaane kwa fujo, na wakati huohuo huwadhoofisha askari wa mwili wanaovidhibiti virusi. Katika kuzaana huko kwa haraka, kosa hutokea: kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuungana na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, na chembe ile husahau kuacha kugawanyika. Wanafunzi wa biolojia wamenielewa.

Je, watoto wenyewe? Maana ramani haimponyi mtu. Kwanza Burkitt alijaribu kisu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na uvimbe ukarudi. Uganda haikuwa na mashine za mionzi. Lililobaki lilikuwa dawa. Kuanzia mwaka 1960 Wamarekani, akiwemo Joseph Burchenal wa New York, walimpa dawa mpya za saratani azijaribu, na mjini Nairobi Peter Clifford alikuwa akifanya kazi kama hiyo. Matokeo yalishangaza ulimwengu. Mtoto alipewa dozi chache, mara nyingine moja au mbili tu, na uso uliovimba ukanywea kwa siku chache. Wengi uvimbe uliwarudia, lakini wengine walipona kabisa, wakati ambapo mabingwa wengi wa Ulaya waliamini dawa peke yake haiwezi kuponya saratani yoyote. Dawa mojawapo, vinkristini, hutengenezwa kutoka kwa ua la asili ya Madagaska, lile dogo la rangi ya waridi ambalo akina mama hulipanda mbele ya nyumba hapahapa Awasi. Mwaka 1967 kituo cha tiba ya ugonjwa huu kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Jambo moja hunikera. Watoto wale waliopigwa picha na kupewa dawa za majaribio, na wazazi wao waliokubali, na wauguzi wa Kiafrika waliowatafsiria na kuwakesha, hawapo katika jina la ugonjwa. Sisemi Burkitt alikuwa mbaya. Wote waliomfahamu wanamsifu kwa unyenyekevu. Nasema tu kwamba sayansi ina desturi ya kumkumbuka mwenye kalamu. Pia mwanzoni uliitwa ugonjwa wa watoto wa Kiafrika. Baadaye ukaonekana Marekani na Ulaya pia, mara chache, na huko mara nyingi huanzia tumboni badala ya taya.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko akaanza safari nyingine ya maisha, hiyo nitaipitia mbio. Aliuliza mbona maradhi ya utumbo yaliyowajaza Wazungu hospitalini hayakuonekana Mulago, akasema tofauti ni makapi ya nafaka na mboga ambayo wao huyaondoa katika chakula. Aliandikiana tena na hospitali za misheni, akachora ramani nyingine, hata akapima uzito wa choo cha watu wa mataifa mbalimbali. Naam, choo. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu mambo hayo kilisomwa na watu wengi sana, na Ulaya inamkumbuka zaidi kwa hilo kuliko kwa mataya. Wasomi hawakubaliani na kila alichosema, lakini ugali wa unga usiokobolewa ulipata wakili. Mwaka 1972 alipata Tuzo ya Lasker ya Marekani pamoja na madaktari wengine wa tiba ya saratani, na mwaka huohuo akaingizwa katika Chama cha Kifalme cha wanasayansi wa Uingereza. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82.

Alipofariki, ramani yake ilikuwa bado inafanya kazi. Miaka ya 2000 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya KEMRI iliyoko Kisumu, waliuchukua ule mstari wa mita 1,500 wakautumia kama rula. Walipima damu ya watoto wa Kisumu, penye malaria ya mwaka mzima, na damu ya watoto wa Nandi, ambako malaria huja mara mojamoja. Wote walikuwa na virusi vya Epstein-Barr. Lakini wadogo wa Kisumu walikuwa navyo kwa wingi zaidi katika damu. Walipofuatilia watoto wachanga, wakaona huku chini wengi zaidi huvipata kabla hata ya kufikisha miezi sita, wakati kinga waliyotoka nayo kwa mama inapungua na malaria imekwisha bisha hodi. Chandarua basi kinakinga mambo mawili.

Leo saratani ya Burkitt ni miongoni mwa saratani za watoto zinazotibika vizuri, ikiwahiwa. Katika hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na ambayo jina lake rasmi sasa ni la Jaramogi Oginga Odinga, watoto hawa hutibiwa. Kipande kidogo cha uvimbe hukatwa, hutazamwa kwa darubini, kisha dawa huanza kutiwa mshipani kwa vipindi, wiki baada ya wiki. Uso hunywea mapema, na hapo ndipo wazazi wengine hukata shauri kwamba mtoto amepona, wakimfikiria ng'ombe aliyeuzwa, wadogo walioachwa nyumbani na nauli ya kurudi tena, wakaenda zao kabla dozi hazijakwisha. Wauguzi huwasihi wasiondoke, kwa sababu chembe chache zikibaki, mwendo wake ni uleule wa maradufu kwa siku moja au mbili.